Kuwaweka Nyoka Mbali na Nyumba na Ua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Malindi

Maswali yafuatayo huzuka kila masika yanapokaribia, na huzuka tena wakati wa vuli. Majibu yamezingatia nyumba za kwetu, yaani za mawe na za udongo, za mabati na za makuti, zenye ua wa mchanga, minazi michache na, mara nyingi, kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa na kimejaa magugu.

Kwa nini nyoka waje kwangu ilhali msitu wa Arabuko-Sokoke uko karibu na una nafasi ya kuwatosha?

Nyoka hamfuati binadamu. Anafuata chakula, maji na mahali pa kujificha, na ua wa mtu unaweza kuwa na vyote vitatu kwa wingi kuliko msitu. Panya huzaana penye mahindi, pumba na mabaki ya chakula. Vyura hukusanyika penye bomba linalovuja. Mijusi kafiri hungoja wadudu chini ya taa ya barazani. Mvua kubwa inapojaza mashimo maji, nyoka aliyekuwa amelala humo hulazimika kutoka na kutafuta pakavu, na ndiyo maana watu huwaona zaidi katika majira hayo. Kusafisha kiwanja kwa ajili ya ujenzi nako kuna matokeo kama hayo, kwani vichaka vikifyekwa upande mmoja, waliokuwamo huhamia upande wa pili, ambao huenda ndiko kwako.

Nianzie wapi?

Anza na panya. Ningekuwa na siku moja tu ya kazi na fedha kidogo, ningezimaliza zote kwenye panya kabla ya kununua kitu chochote kinachoitwa dawa ya nyoka. Unga, mchele na chakula cha kuku viwekwe katika mapipa au ndoo zenye vifuniko vinavyobana, wala si katika magunia yaliyoegemezwa ukutani. Takataka za jikoni zisilale nje usiku. Kuku walishwe kiasi wanachoweza kumaliza, na kinachobaki kifagiliwe kabla ya magharibi, kwa sababu pumba zinazoachwa chini ya kizimba huwaita panya, na panya humwita nyoka. Mtego ni bora kuliko sumu ya panya, kwani panya aliyekula sumu huweza kufia darini au kuliwa na paka, na hasara ikawa yako tena.

Baada ya panya, tazama marundo. Makumbi na vifuu vya nazi, makuti yaliyoteremshwa paani, kuni, mabati chakavu, matairi, na yale mawe ya kujengea ambayo husubiri fedha za mwenye nyumba kwa miaka, yote hayo ni makazi mazuri sana kwa nyoka: yana kivuli, yana unyevu, yana nyufa, na panya wamo humo humo. Lisilohitajika liondolewe. Linalohitajika lipangwe mbali na ukuta wa nyumba, juu ya jukwaa lililoinuka kiasi cha magoti, ili ufagio upite chini yake na mwanga uingie. Kuni zichukuliwe mchana, tena kwa kusukuma kwanza kwa kijiti kirefu kabla ya kuingiza mkono. Rundo la samadi au majani yanayooza liwe pembeni kabisa mwa shamba, kwa kuwa joto lake hupendwa na nyoka wanaotaga mayai.

Mama zetu walisisitiza ua ufagiliwe kila siku. Je, jambo hilo lina faida kwa habari ya nyoka?

Lina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nyoka hapendi kuvuka mahali peupe, kwa kuwa huko huonekana na kipanga, na hata na kuku. Ukanda wa mchanga mtupu wa mita mbili au tatu kuizunguka nyumba, usio na majani wala maua yaliyobanana ukutani, humfanya asite, na asiposita utamwona.

Faida ya pili ni kwamba mchanga huandika. Ua uliofagiliwa jioni kwa ufagio wa chelewa hubaki na mistari myembamba sambamba, na anayekatiza usiku huivunja. Asubuhi, kabla watoto hawajaanza kukimbia, pita ukitazama. Panya huacha alama ndogo za vidole, mara nyingine na mchirizi wa mkia katikati. Kenge huacha nyayo pande mbili na mburuto mzito wa mkia. Nyoka wengi huacha mstari wa mawimbi, na mchanga hujikusanya kidogo nje ya kila pindo mahali mwili uliposukumia. Bafe, ambaye wengine humwita moma au kifutu, anapotembea kwa utulivu hujivuta kwa tumbo bila kujipinda, kwa hiyo huacha mchirizi mpana ulionyooka, kana kwamba mtu amekokota kamba nene. Ukifuata alama hiyo kwa macho, bila kuingiza mguu kichakani, utajua anatokea rundo gani au shimo gani, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Kitunguu saumu, mwarobaini, salfa, vidonge vya nondo, dizeli na moshi wa tairi: kipi kati ya hivi kinafukuza nyoka?

Hakuna cha kutegemea kati ya hivyo. Naftalini ya vidonge vya nondo na salfa zimewahi kupimwa, na hazikuwazuia nyoka kupita. Kitunguu saumu, mchaichai na majani ya mwarobaini vina matumizi yao mema jikoni na kwingineko, lakini nyoka mwenye njaa aliyenusa njia ya panya hatageuzwa na harufu hizo. Vifaa vya umeme vinavyodaiwa kutoa sauti ya kuwafukuza havistahili bei yake.

Tatizo halikomei kwenye fedha zilizopotea. Vidonge vya nondo ni sumu kwa mtoto anayeviokota akidhani ni peremende. Dizeli na mafuta machafu ya gari yakimwagwa mchangani hushuka haraka, kwa kuwa ardhi yetu ya mchanga na mawe ya matumbawe hupitisha maji kwa wepesi, na visima vingi vya huku si virefu. Mtu anaweza kukosa kumfukuza nyoka na wakati huo huo akayaharibu maji anayokunywa yeye na jirani yake. Moshi wa tairi huwadhuru watu wa nyumbani kuliko mtu mwingine yeyote. Hasara kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kwamba aliyenyunyiza dawa huridhika, akaliacha rundo la makumbi lilipo.

Nyumba yangu imeezekwa makuti. Je, nihamie mabati?

Si lazima. Makuti hayamvuti nyoka kwa yenyewe. Kinachomvuta ni panya, popo, ndege na mijusi wanaoishi humo. Kata matawi yote yanayogusa paa au yaliyo karibu kiasi cha kumwezesha nyoka kujinyoosha kutoka tawini hadi paani. Mita mbili za uwazi zinafaa. Mimea inayotambaa ukutani iondolewe. Penye nafasi kati ya ukuta na pau, ambapo hewa hupita, funga wavu wa chuma wenye matundu madogo ili hewa iendelee kuingia. Makuti yaliyooza yabadilishwe kwa wakati wake, na fundi akiwa juu mwombe atazame kama kuna viota vya panya.

Ukikuta gamba la nyoka darini au penye fito, usifadhaishwe na urefu wake, kwani gamba hunyooka linapovuliwa na huwa refu kuliko mwenyewe. Ni ishara kwamba alipita hapo, si lazima kwamba bado yupo.

Nyumba ya mawe je, si salama zaidi?

Ni salama zaidi ikiwa imezibwa. Nyoka mwembamba hupita penye upenyo unaopitisha kidole kidogo, kwa hiyo nafasi iliyo chini ya mlango wa nje ndiyo ya kwanza kushughulikiwa: weka kipande cha mpira au ubao chini ya mlango hadi mwanga usionekane ukiwa ndani. Nyufa za kuta na msingi zizibwe kwa saruji au chokaa. Mabomba yanayotoa maji ya bafuni yafungwe wavu mdomoni, na mfuniko wa karo usiwe na pengo. Waya wa kuku wenye matundu makubwa haufai, kwani nyoka mdogo hupenya, na mkubwa hunasa katikati akabaki hapo amekasirika; tafuta wavu wa matundu yasiyozidi milimita 6. Wenzetu wa mji wa Lamu, ambako nyumba hushikana na gofu huwa ukuta kwa ukuta na nyumba yenye watu, wana kazi ya ziada, kwa sababu kuziba upande mmoja hakutoshi. Magofu nayo yanahitaji kusafishwa kwa makubaliano ya mtaa.

Je, uzio maalumu wa kuzuia nyoka unafaa?

Unafaa kwa eneo dogo, kama vile mahali watoto wanapochezea. Wavu wa matundu madogo, wenye kimo cha mita moja hivi, huzikwa sentimita 15 au zaidi ardhini na kuinamishwa kidogo kwa nje, na nguzo zake huwa upande wa ndani. Kuuzungushia shamba zima ni gharama kubwa, na majani yakiota juu yake huwa ngazi.

Kuna nyoka wa kijani mwembeni. Nikate mti?

La. Kwanza, nyoka wengi wembamba wa kijani wanaoonekana bustanini hawana madhara, nao hula vyura na mijusi. Yuko, hata hivyo, nyoka wa kijani mwenye sumu kali, wa jamaa moja na koboko, anayeishi pwani hii hasa katika miembe, mikorosho na minazi iliyoshikana. Huyo hukua hadi kufikia mita mbili au kupita, ni mwenye haya, na hushuka chini kwa nadra. Kwa kuwa kuwatofautisha kwa mbali ni kazi ya mtaalamu, kanuni ni moja kwa wote: usimguse na usimrushie mawe. Wanaomkabili kwa kweli ni wakwezi na wagema, ambao wanapaswa kuuchunguza mti kutoka chini kabla ya kukwea. Pogoa matawi ili miti isigusane wala isiguse nyumba, na okota maembe yaliyoanguka, kwa sababu huwalisha panya.

Paka na nguchiro wanasaidia?

Paka husaidia kwa njia ya mzunguko, kwa kupunguza panya, na ndiyo maana miji ya zamani ya pwani hii imejaa paka wasio na mwenyewe. Baadhi yao huua nyoka wadogo, na baadhi huumwa wakafa. Nguchiro ni mwindaji hodari, lakini atakula na vifaranga vyako. Kanga hupiga kelele wanapomwona nyoka, na kelele hiyo ina thamani yake.

Tujilinde vipi usiku?

Swila wanaotema mate hutoka usiku kuwinda panya, na watu wengi wanaoumwa nao huumwa wakiwa wamelala sakafuni au mkekani. Lala juu ya kitanda kilichoinuka, chini ya chandarua ambacho ncha zake zimechomekwa kabisa chini ya godoro. Kilichonunuliwa kwa ajili ya mbu hufanya kazi mbili. Usiende chooni wala kisimani bila tochi na viatu vilivyoufunika mguu, hata kama njia unaijua kwa kufumba macho. Bafe hategemei kukimbia bali hulala kimya akitegemea rangi yake, kwa hiyo huumwa yule anayemkanyaga. Asubuhi, kung'uta viatu.

Nyoka ameshaingia chumbani. Nifanye nini?

Watoe watoto na wanyama, ufunge mlango wa chumba hicho, uzibe chini yake kwa kitambaa, na umwache mtu mmoja akichungulia kwa mbali ili ijulikane nyoka yuko wapi. Kisha mwite anayejua kazi hiyo. Eneo letu lina bahati: kituo cha utafiti wa nyoka cha Bio-Ken kilichopo Watamu, kilichoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe, kina watu waliofunzwa kuwakamata na kuwahamisha nyoka, na maafisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) nao huarifiwa. Tafuta namba zao leo, uziandike ukutani karibu na mlango, wala usingoje siku ya mkasa.

Kama hakuna wa kuja na nyoka yuko karibu na mlango wa nje, fungua mlango huo, uondoke njiani mwake, naye kwa kawaida hutoka mwenyewe. Kumkabili kwa panga ndani ya chumba chenye samani ni jambo nisilomshauri mtu yeyote, kwani wengi huumwa wakati wanapojaribu kuua au kukamata. Nyoka aliyekatwa kichwa bado anaweza kuuma kwa muda. Kichwa hicho kisishikwe.

Si ni afadhali kuua kila nyoka ili tuwe na amani?

Hilo halileti amani hiyo. Nyoka wa nyumbani mwenye rangi ya kahawia, ambaye huonekana sana na huuawa sana, hana sumu inayomdhuru binadamu, na chakula chake ni panya. Ukimwondoa na ukawaacha panya, umeacha nafasi wazi kwa mwingine, na huyo mwingine aweza kuwa swila. Chatu naye ni mnyama wa porini anayelindwa. Akionekana karibu na banda la mbuzi, waite KWS.

Nikiua mmoja, mwenzake atakuja kulipiza kisasi?

Nyoka hawana ndoa wala kisasi. Wakiwa wawili mahali pamoja, ni msimu wa kujamiiana, au mahali hapo pana chakula na maficho ya kuwatosha wote. Ukiona wadogo wengi kwa pamoja, huenda ni wa tumbo moja. Bafe huzaa badala ya kutaga, kwa kawaida watoto 20 hadi 40, na jike mmoja wa asili ya Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Czech alizaa 156. Watoto hao huwa na sumu tangu wanapozaliwa.

Swila amenitemea mate machoni. Nifanyeje?

Osha macho papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa dakika 15 au 20, ukiyafungua kope kwa vidole. Pasipo maji, maziwa yatafaa. Usiyasugue, wala usitie dawa za majani. Kisha nenda hospitali ingawa maumivu yamepungua, kwa sababu mboni inaweza kuwa imechubuka. Swila mkubwa wa kahawia wa pwani hii hutema mbali kuliko mita mbili. Alitambuliwa rasmi na wanasayansi kuwa aina ya pekee mwaka 2007, akapewa jina la kisayansi Naja ashei kwa heshima ya yule mwanzilishi wa kituo cha Watamu.

Na mtu akiumwa?

Mwondoe karibu na nyoka, mlaze, mtulize. Vua pete, bangili, saa na nguo za kubana kabla ya uvimbe kuanza. Funga mkono au mguu ulioumwa kwenye banzi ili usitikisike, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika. Usikaze kamba, usichanje, usifyonze, usiweke barafu, wala usipoteze muda kwa jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu. Kamba iliyokazwa imewapotezea watu viungo ambavyo sumu yenyewe isingeviharibu. Maumivu yakizidi, parasetamoli inaruhusiwa, lakini si aspirini, kwa kuwa baadhi ya sumu huzuia damu kuganda na aspirini huongeza kuvuja. Andika saa aliyoumwa.

Mgonjwa asitembee. Ikiwa usafiri uliopo ni bodaboda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Kwa wakazi wa visiwa vya Lamu, boti iitwe mara moja, bila kungoja dalili. Piga simu hospitali mbele kwa mbele kuuliza kama antivenomu, yaani dawa ya kupinga sumu ya nyoka, ipo, kwa maana si kila zahanati huiweka. Dawa hiyo huingizwa kwenye mshipa hospitalini na si nyumbani, kwa sababu yenyewe huweza kuleta mzio wa kutisha unaohitaji matibabu ya haraka. Usimfuate nyoka ili umpeleke kwa daktari. Picha iliyopigwa kwa mbali inatosha, na pasipo picha, daktari hutibu kwa kufuata dalili. Akiwa ameumwa na koboko, kope hulegea, kumeza huwa vigumu na pumzi hukatika, pengine ndani ya saa chache. Kwa hiyo dakika zilizotumika kumtafuta mganga ni dakika za pumzi yake.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza athari ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na hukadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani kote.

Tunaishi ufuoni. Je, nyoka wa baharini huingia majumbani?

Hapana. Nyoka wa bahari mwenye tumbo la manjano na mkia bapa hutupwa ufuoni mara moja moja na mawimbi, na nchi kavu hawezi kutambaa ipasavyo. Ana sumu kali, na antivenomu za nyoka wa nchi kavu hazikutengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo asishikwe hata akionekana amekufa. Yule mrefu anayejichimbia matopeni maji yanapokupwa, mara nyingi ni samaki wa jamii ya mkunga. Naye huuma, lakini hana habari na nyumba yako.